Jembe Huku Huuzwa

Tumefunzwa: mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Hakuna aliyetuambia, Nabintu,
kwamba iko miji ambako jembe huuzwa kwanza,
pauni mia moja thelathini na tisa,
na gharama ya kuletewa mlangoni ni juu yako.

Nilikuona ukilifungua sanduku langu la maonyesho
sebuleni kwa Georgette, kule Spring Bank,
mvua ya Hull ikigonga dirisha kama mdai.
Ulinusa mshumaa wa mdalasini, ukaurudisha taratibu,
ukakizungusha kifuniko mpaka kikakaa.
Ukauliza mafuta ya uso yanauzwaje.
Swali lako lenyewe hukuliuliza.
Nililisikia hata hivyo:
ulilishika kiganjani pamoja na kadi ya benki
iliyokataliwa juzi dukani, kwa ajili ya maziwa.

Usinieleze. Ninaujua mlio wa ile mashine.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa nafagia
kiwanda cha nyumba za magurudumu,
saa kumi na moja alfajiri, vumbi la mbao kooni.
Doreen wa zamu yetu alinipa mkoba wake wa manukato,
zipu imekufa, chupa kumi na mbili,
tatu zimeshanuswa hadi nusu.
"Uza kwanza," alisema, "tutahesabu baadaye."
Baadaye ikaja Februari. Nikampelekea bahasha.
Alihesabu mara mbili, mbele yangu, bila aibu,
akachomoa noti ya tano akanirudishia: nauli.
Sijaheshimiwa hivyo tena katika nchi hii.

Sasa sikiliza na ubaya wake.
Ukilipia sanduku, kampuni inaniingizia mimi
pauni ishirini na mbili. Ndiyo. Kwa jina lako.
Kwenye mikutano yao ya Leeds hupigiana makofi kwa hizo,
na kwa Kiingereza chao hutuhubiria yale yale:
mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama miaka miwili
kabla ya kugundua kwamba hata mvungu wanaukodisha.

Kwa hiyo tuna kikombe.
Kimevunjika mpini, kiko juu ya friji ya Georgette.
Wanawake saba, pauni tano kila Ijumaa,
na zile ishirini na mbili, zikiingia tu, humo humo.
Si upatu hasa, maana hakuna zamu.
Si sadaka, maana tunaandika.
Tausi huandika kwenye daftari la hesabu la mwanawe,
pembeni pamechorwa dinosauri.
Kapinga: amemaliza.
Shukuru: amemaliza, akaongeza sabuni.
Mwavita alihamia Bradford, simu haipokelewi.
Mstari wake hatujaufuta wala hatujaukoleza.
Upo tu.

Nusu ya sanduku chukua wewe, nusu Shukuru,
mtauziana mitaa, msigombanie ngazi.
Lipa unapouza, si unapoahidiwa.
Usimbembeleze aliyekwambia leo hana.
Na miguu ikizikataa ghorofa za Orchard Park,
rudisha vilivyobaki, hata kama kimoja umekiwasha
usiku ule umeme ulipokatika.
Hatutakuita mvivu.
Si kila mtu ana ulimi wa kuuza,
na mshumaa si mkate.

Ukasimama. Nilidhani unaaga.
Ukalifungua fungu ulilopewa,
ukalihesabu mara mbili, mbele yetu, bila aibu.
Georgette akacheka, akadhani hutuamini.
Mimi nikageukia dirisha, nikatazama mvua.

Kisha ukachomoa noti moja ya tano,
ukanyoosha mkono juu ya friji.
"Ijumaa si ndiyo leo?" ukasema.
"Niandikeni wa nane."

Tausi akatafuta kalamu,
akakuandika chini ya mkia wa dinosauri.