Akiba ya Mshono

Futikamba yangu imefutika namba
kati ya tisini na mia na kumi,
hapo ndipo viuno vya Narung'ombe hupita kila siku,
vikibana pumzi, vikidanganya.
Mimi sisemi. Fundi anayetaja kipimo cha mteja kwa sauti
kesho atawashonea nzi.

Kidawa ni mia na ishirini na mbili.
Siwatu alikuwa mia na nane.
Tumbo moja, ziwa moja,
na vitenge vyao nilivikata kwenye jora moja
mpaka mwaka ule Siwatu alipoamua kupungua.

Akaacha wali. Akaacha mihogo ya nazi, akaacha na maziwa.
Asubuhi chungwa, jioni maji ya moto na limau.
Miezi tisa, kilo ishirini na tatu.
Gauni lile lile nililibana mara nne.
Mtaa ukapiga vigelegele: sasa ndiyo umekuwa msichana!
Kidawa akakaa kwenye stuli yangu, stuli ikalia,
akacheka yeye kwanza ili tusimtangulie.

Kisha ndoo. Si gari, si ngazi,
ndoo ya lita kumi na vigae vyenye maji.
Mkono ukatangulia chini kumpokea,
kifundo kikakatika kama chaki.

Huko Upanga wakawalaza wote wawili, mmoja baada ya mwingine,
chini ya mkono wa mashine unaopita bila kugusa
(ningependa kupima watu hivyo).
Daktari kijana, Rweyongeza, akamwambia Siwatu:
mfupa ni kibarua, mzigo ndio unaompa kazi.
Umeutua ghafla, na chakula chake umekikata,
naye akaanza kupunguza watu.
Tena mafuta yale uliyoyachukia,
hedhi ilipokoma,
ndiyo yaliyokuwa yakipika homoni kidogo kidogo,
jiko la uani, moto mdogo, lakini moto.

Kidawa akainua kidevu
kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.

"Nawe usishangilie," daktari akasema.
Mafuta ya tumboni hayana adabu hiyo.
Mengine yamehamia ndani ya mfupa wenyewe,
kwenye uboho,
yamekalia chumba cha wajenzi
na kodi hayalipi.

Wakaja dukani na karatasi zao, hawasemeshani.
Nikazisoma: hasi, nukta, hasi.
Ya mwembamba na ya mnene zilipishana
kwa upana wa uzi.
Ati mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akilitazama kanda la nduguye.

Akiba haiozi, mama yangu alipenda kusema.
Mama alizikwa mfupi kuliko alivyoolewa.
Sanda niliikata mimi, kwa kipimo nilichokizoea,
ikabaki.
Kipande kile nimekikunja chini ya droo ya vifungo,
sijajua cha kukifanyia.

Siwatu ananyoosha mkono wa plasta:
lifumue, anasema, nimeambiwa nile.
Maziwa, dagaa, mchicha, na jua la asubuhi.
Kidawa ameambiwa anyanyue vitu,
basi ananyanyua cherehani yangu, ya chuma, ya kizamani,
anaishusha, anainyanyua tena,
jasho linamtiririka shingoni,
wapiga soga wa kibarazani wamenyamaza.

Nami nafumua. Wembe, uzi, wembe.
Ndani ya kila mshono, mara zote nne,
nilikuwa nimemwachia vidole vitatu vya kitambaa.

Anakishika pembeni. Rangi yake bado kali,
haijaona jua wala sabuni.
"Hiki kilikuwa wapi?"

Humo humo, Siwatu.
Inua mkono nikupime.