Kilo Tano za Mchele

Watu husema: tua mzigo.
Mimi nafuu yangu ilikuwa kutwikwa.

Hakuna aliyekusudia. Ulikuwa mwezi wa Rajabu,
siku ya saba sijaoga, nywele zimeshikana,
dada yangu Swabra akaingia na kapu la dukani,
asione pa kulitua, meza imejaa vikombe,
akauweka mfuko wa mchele juu ya kifua changu
kama mtu anayeweka kitu kabatini.
Kilo tano. Pishori.
Akaenda zake kugombana na kitasa cha dirisha.

Nami, kwa mara ya kwanza tangu mfunguo saba,
nikajua mwili wangu unaishia wapi
na godoro linaanzia wapi.
"Usiutoe," nikasema.
Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Daktari wa Makadara alikuwa ameshaniandikia majina mawili.
La kwanza, usonji:
nililipokea kama barua iliyochelewa miaka thelathini na mmoja,
bahasha imechakaa, anwani ni yangu.
La pili, sonona.
Hilo nililigeuzageuza. Kwetu Kibokoni mtu husononeka,
ni kitenzi, hutendwa, kikesha.
Sonona ni nomino.
Nomino huingia, huketi, huuliza chai iko wapi.

(Vidonge vipo, ndani ya kopo la biskuti.
Sikuvitupa. Hapa nasimulia hayo mengine.)

Shangazi Mwanashee alikuwa na dawa yake:
changamka, toka, njoo harusini.
Nikaenda. Vigelegele vikanipenya kama sindano ya gunia,
udi, halwa, marashi, mikono ya kushikwa,
macho, macho, macho ya kutazamwa.
Nikarudi nikalala siku tatu.
Si kila anayejifungia ana njaa ya watu.
Wengine tumeshiba, hadi kooni.

Alfajiri lakini, saa kumi na moja na robo,
kabla tuktuk hazijakohoa,
natembea Ndia Kuu hadi Ngomeni,
upande uleule, kidole kikiburura ukutani
penye mawe ya matumbawe yaliyomenyeka chokaa.
Swabra aliniuliza, hukinai njia moja?
Nikamuuliza, wewe hukinai kupumua?

Kule nina kunguru.
Mji mzima unawalaani: wezi wa maandazi,
wageni, wamekuja na merikebu, si wa hapa.
Nami nimeishi nikitazamwa hivyohivyo, kama si wa hapa.
Nimejaza madaftari manne. Najua nani hula na nani,
nani huficha ukoko wa mkate chini ya jani akasahau.
Mmoja mguu umepinda, namwita Kigosho.
Nikiandika habari zake, ile nomino husubiri mlangoni.
Haiondoki. Husubiri.

Wiki ya tatu mchele wangu ukatakiwa jikoni.
Tukaumwaga kwenye ungo, Swabra na mimi,
ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso,
tukachagua. Chuya huku, kijiwe kule.
Hakuniuliza najisikiaje.
Saa nzima vidole vyangu vilikuwa na kazi ndogo
wanayoiweza, na nyumba ilikuwa kimya,
na mimi nikasema, bila kuulizwa, maneno kama kumi.
Hatukula mpaka alasiri.

Usiku akashona mfuko kwa leso kuukuu ya mama,
akaujaza kunde, akaupima kwa mizani ya jirani:
kilo tano na robo. Hiyo robo, akasema, ni yangu.
Jina la leso limekaa kichwa chini. Sijalisoma,
nalala nalo tu.

Nisiwadanganye: jana sikuweza kuinuka.
Kunde kifuani, pazia limeshushwa,
chai imepoa, ikatandwa utando, ikamwagwa.
Leo nimefika Ngomeni nimechelewa dakika arubaini,
jua tayari kali, tuktuk zote zimeamka.
Nimeandika: Kigosho hayupo.
Nikaongeza chini yake, kwa kalamu ya risasi,
au alikuwapo, na mimi ndiye sikuwapo.