Jumamosi na Jumapili za Obura

Jumamosi baba alivaa nyeupe,
suruali ya kuazima kwa Bwana Lakhani,
bibi kaipiga pasi ya makaa
hadi ikasimama yenyewe.
Pale Ngara alirusha mpira mwekundu mpaka saa ya chai,
na karani, ulimi nje, akaandika kwa penseli:
Obura, wiketi nne.

Jumapili, jezi ya kijani
yenye jina la kiwanda cha sabuni.
Alishuka Kaloleni kupiga vichwa vumbini.
Huko hakuna aliyeandika.
Magoli yake yaliwekwa vinywani mwa watu,
na kila mwaka
yanafungwa kutoka mbali zaidi.

Walimwonya: mshika mbili moja humponyoka.
Alizishika zote,
likaponyoka goti,
Jumanne, mazoezini, wala si mechi,
kwenye kishimo cha fuko.

Sasa anauza vipuri Barabara ya Kirinyaga.
Nikimuuliza upi aliupenda zaidi
huokota nati kaunta,
huisugua pajani, upande mmoja tu,
huitazama kama inayomdai,
kisha huiachia
na kuidaka kwa kiatu,
kwa mguu ule mzima,
kabla haijagusa sakafu.

"Mteja huyo," husema.