Ule

Huku mwaloni pepo tunaziita kwa kule zinakotoka.
Kuna wa Kome, mfupi, wa asubuhi,
unaokausha dagaa kabla chai haijachemka.
Kuna wa Ukerewe: ukianza huo, Msobi hugeuza mtumbwi
bila kumuuliza mtu.
Kuna wa Sengerema, wa nchi kavu,
unanuka udaga na moshi wa tanuri za matofali.
Tulidhani orodha imekwisha.

Redio ilitaja kimbunga. Mtwara, ikasema, na Mafia.
Tukapunguza sauti, betri zenyewe za kukopa.
Lushinge akacheka: hayo ni mambo ya watu wa chumvi.
Maji unayoyanywa, alisema, hayawezi kukunywa.
Tukaupenda msemo. Tukaurudia wiki nzima
kama watoto wanaogombea kulamba mwiko.

Zilikuwa siku za mbalamwezi,
dagaa hawavuliwi, taa zimetundikwa,
wanaume wako nyumbani wanashona nyavu na kununa.
Hicho ndicho kilichotupumbaza.
Nani huogopa ziwa usiku ambao hana mtu majini?

Mbwa wa Kalekwa aliingia ndani,
mbwa ambaye hajawahi kuvuka kizingiti,
akajisukuma chini ya kitanda.
Kalekwa alimpiga kwa kandambili.

Kisha
wa Kome ukaja kutoka Sengerema,
wa Sengerema ukatokea nyuma ya Kome,
zikakamatana juu ya mwalo,
na maji yakasimama wima
kama mtu aliyesikia anaitwa.

Maarifa yetu yote ya upepo yalikuwa mawe.
Jiwe kila pembe ya paa, kubwa kuliko kichwa,
ndivyo baba zetu walivyojenga tangu bati lifike.
Bati lilipong'oka, mawe yakabaki angani kidogo,
yakikumbuka njia.

Redioni walisema maji yameua. Si kweli,
nami naliandika hapa.
Tabasi na mwanawe wa miezi mitano
walipigwa na jiwe la Tabasi mwenyewe,
la mviringo, jeupe,
alilolishusha mlimani kichwani
akijisifu kwamba hakupumzika hata mara moja.

Asubuhi ziwa lililala kama ng'ombe aliyeshiba.
Mitumbwi ilikuwa kwenye mihogo.
Madawatini, darasa la pili, kulikuwa na sato
wakipumua bado.
Kila mtu alishika kitu kisicho chake.
Mimi, kikombe. Kalekwa, mlango wa kijani
ambao hakuna nyumba kwetu iliyowahi kuwa nao;
alikaa nao mapajani hadi adhuhuri.

Siku ya nne akaja kijana wa wilaya na fomu,
na viatu alivyovionea huruma.
Aina ya maafa, akasoma:
mafuriko, ukame, moto, radi, tembo.
Tukatazamana. Akaweka alama penye "mengineyo".
Jina la tukio?
Msobi akasema, andika upepo ule.
Upi?
Ule.
Kijana akaandika ULE kwa herufi kubwa,
akafunga kalamu.

Sasa mabati tunayafunga kwa waya,
tuliununua kwa mchango, tukagombana juu ya mchango.
Mawe yamerudi mlimani ila moja.
Hakuna aliyetaka kuligusa,
kwa hiyo lipo, na kuku hulala juu yake.
Redio ikianza kusema tunaongeza sauti
hata kama ni bei ya vitunguu.
Na msemo wa Lushinge hakuna anayeutamka,
hata Lushinge, ambaye siku hizi huchemsha maji
mara mbili kabla ya kuyanywa.

Lakini jioni nikimpakulia Bugumba,
mwanangu, wa miaka minne,
nikimwambia kama mama yangu alivyoniambia,
nawa, kaa,
ule,
anarudisha tonge kwenye sahani
na kutazama bati.