Fundi wa Kupunguza

Kibao changu pale Majengo bado kinasema
MILANGO, MADIRISHA, VITANDA, MAJENEZA,
ila kazi ninayoitiwa siku hizi ni moja:
kupunguza.

"Fundi, njoo na msumeno. Kitanda hakipiti."
Simu huja mwisho wa mwezi, giza likiingia.
Nakuta mkokoteni umesimama nje,
godoro juu, ndoo ndani ya ndoo,
mtoto kashika rimoti ya televisheni iliyokwisha kuuzwa.
Dalali ameshakula chake, mwezi mmoja mzima,
mbali na elfu kumi ya kuonyeshwa
vyumba vitatu, kimoja hakina dirisha.

Nilianza na mwalimu Sechelela Chitemo.
Kitanda chake cha mninga, tano kwa sita,
nilikichonga mwenyewe mwaka alioajiriwa,
akiishi Area C, chumba na sebule.
Wizara zilipohamia na mafaili yake
mwenye nyumba alipaka rangi ukuta wa barabarani tu,
akapandisha.
Mwalimu akaenda Ipagala. Nikakata: nne kwa sita.
Juzi kaniita Nkuhungu. Nikapima ukuta,
nikapima kitanda, nikapima ukuta tena,
kama mtu anayetumaini inchi zitamwonea huruma.
Tatu na nusu.
Na safari hii mlango ukadai urefu nao.
"Miguu je?" akauliza mwalimu.
Nikamjibu miguu ya kitanda ni imara.
Hakuwa anauliza hiyo.

Miezi sita mkononi, au pisha.
Mshahara unatembea kwa mwezi,
kodi inaruka kwa nusu mwaka;
nyie mliosoma hesabu, niambieni
hao wawili wanakutana wapi?
Halafu tunaitwa wapangaji!
Sijaona tunachokipanga.

Lakini Mama Mboje nisimseme vibaya.
Kenchi za nyumba yake Chang'ombe nilizipiga mimi,
kwa kiinua mgongo cha marehemu, mtu wa reli.
Matofali alifyatua na wanawe,
kiangazi, maji ya kununua, dumu kwa dumu.
Hadi leo akigusa ukuta hupiga hesabu:
"Hapa madumu manane. Hapa kumi na mawili."
Akipandisha kodi hupandisha akitazama chini,
na wapangaji humtukana wakishafunga mlango.

Wiki iliyopita akaniita na yeye.
Nikajua kuna anayehama.
Kumbe chumba chake mwenyewe amekikodisha
kwa kijana wa ofisi za Mtumba, mwenye gari,
aliyelipa mwaka bila kuomba punguzo.
Yeye anaingia stoo, kwenye magunia ya mtama.
"Na changu," akasema, "nipunguzie."
Kitanda cha ndoa, kile.
Mbao zake zilikuwa zimekauka vizuri, miaka thelathini,
msumeno ukalia mpaka jirani akatoka kuchungulia.
Mama akanishikia upande wa pili usipasuke.
Tulipomaliza alifagia unga wa mbao mwenyewe,
akauweka kwenye kisonzo,
akanilipa kwa noti alizozinyoosha pajani.

Vipande sivitupi.
Nyuma ya kibanda nimeviegemeza ukutani,
kila kimoja nimekiandika kwa penseli:
mwalimu, futi moja na nusu. Mama Mboje, futi mbili kasoro.
Yule nesi wa Miyuji. Wale mapacha.
Ndivyo vitu pekee ninavyovipanga mimi katika mji huu.
Mke wangu, Nyendo, anataka kuvikokea jiko.
Namwambia ngoja.
Nimeshavijumlisha: vinatosha kitanda kikubwa,
sita kwa sita, na ubao wa kichwani wenye nakshi.
Nyendo akacheka. "Utakiweka wapi?"

Jana mwenye kiwanja alipita hapa kibandani.
Hakuulizia mlango wala dirisha.
Akasalimia vizuri, akaulizia na watoto,
kisha akatoa tepu mfukoni
na kuniomba nimshikie ncha.