Chupa ya Mama Mkwe

Kazi yangu ghalani ni kisu na hesabu:
napasua korosho, natazama moyo wake,
naandika daraja la kwanza, la pili,
na mkulima ananikodolea macho kama hakimu.

Leo Lulindi, uani kwa Veronika Nandonde,
mimi ndiye niliyekalishwa kwenye kigoda.
Chupa tatu juu ya kinu kilichofudikizwa.
Kipimo: kizibo cha soda.

"Hii ya bibo la njano. Onja, usigugumie, hujafukuzwa."
Tamu. Tamu mno,
kama salamu ya mtu aliyekuja kukopa.
Inapita na haiachi jina.

Ya pili ya bibo jekundu.
Humo nipa ilimwagwa kwa mkono wa hasira:
kifua kinawaka, utamu umekimbilia kichakani.
Nakohoa. Kuku wanahama.

Namuuliza siri. Anachekea puani.
"Uraka ukiuacha, siku ya tatu umeshakula sukari yake yote,
umebaki uchungu na kelele.
Mimi jioni ya pili, ungali mtamu,
naumiminia lile tusilolitaja mbele ya mtendaji.
Unalala. Unalala na sukari yake mdomoni,
kama mtoto."

Ya tatu imo katika chupa ya dawa ya kikohozi,
ilifukiwa mchangani msimu ule bei ilipoanguka
tukarudi na magunia nyumbani.
Rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Kwanza asali ya nyuki wadogo,
halafu ganda la chungwa lililokaukia juu ya bati,
na nyuma kabisa, ule ukakasi wa bibo
unaovuta mashavu ndani na kuuliza: na wewe je?

Nikamkumbuka mama mkwe, anayefika kesho kutoka Nanganga,
apendaye vitamu, asiyetaka kuambiwa anapenda vitamu.
Miaka kumi na minane hajanisifu,
ila kila akiondoka
nakuta shati langu la kazi limerudishiwa vifungo.

"Hiyo," nikasema.
Akataja bei. Sikubishana,
mimi ninayeshusha bei za watu kwa ncha ya kisu.

Njiani mabibo yamezagaa chini ya mikorosho,
yamenyofolewa mbegu, yameachiwa nyuki.
Meli huja kufuata korosho;
tunda hakuna aliyeliulizia.
Nikainama, nikaokota moja, nikaliuma,
likanichuruzikia kifuani.
Doa la bibo halitoki.
Kesho ataliona.