Binti wa Tatu

Mwalimu Thembo alitandika ramani ya mwezi
juu ya dawati lenye mguu mmoja wa matofali.
"Makasoko makubwa," akasema, "yamepewa majina ya wafu
waliosoma sana.
Mengi madogo ya pembeni yameachiwa herufi tu."
Darasa likayahurumia.

Mimi nikacheka.
Naitwa Kabugho: binti wa tatu.
Kwetu Wakonzo hesabu ndiyo jina;
Masika akishatoka, Biira yuko njiani,
na mimi nyuma yao, na kandambili zao zilizolika visigino.

Hapa Katwe tunaishi ukingoni mwa kasoko.
Moto wa chini ulilifukua, maji yakaja,
jua likayanywa, likabakiza chumvi.
Humo mama ana kijishamba,
upana wa mikeka minne, kingo za matope na vijiti.
Hakimo kwenye ramani yoyote,
ila muulize mpakiaji yeyote wa lori:
pale ni Kwa Mbambu Miguu Myeupe.
Miguu hiyo haitakati hata kwa sabuni.

Usiku nikasimama ukingoni, mwezi umeshiba.
Nikalitafuta shimo la herufi,
lolote, la tatu kutoka kwa mkubwa wao.
Macho hayafiki huko.
Nikaliita hivyo hivyo, kwa sauti ya kuitia mbuzi:
Muhindo!
Ndilo jina tunalompa mtoto
anayekatiza mfululizo.

Halikuitika.
Lakini hata mimi, siku nilipoitwa mara ya kwanza,
nililia tu.